Maswali yenu ya Parkinson: fizio sio kukandwa

Haya tuanze, maswali ni mengi na mengine yanajirudia, hayo ya kujirudia nitayapita haraka maana nimechoka kuandika jibu lile lile.

Baba ana Parkinson, kuna mtu anakuja kumkanda na mafuta ya moto kila wikiendi lakini mwili bado mgumu. Tuongeze siku?

Msiongeze. Kukandwa kunampa raha, usiku analala vizuri, sikatai, ila ule ugumu hauanzii kwenye misuli, unaanzia kwenye ubongo ambako seli zinazotengeneza dopamini, ile kemikali ya kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa taratibu, sasa hayo mafuta yatafika huko saa ngapi? Kwenye fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anayefanya kazi ni mgonjwa mwenyewe. Kikao kikiisha na aliyetoka jasho ni mkandaji tu, mmelipia starehe.

Shikamoo dokta. Mama mkwe akifika mlangoni miguu inaganda kabisa, tunamvuta mkono ndo anazidi kuganda. Tufanyeje?

Marahaba, ila mimi sio dokta, ni mtu wa fizio. Kwanza acheni kumvuta, nyie mnavuta kiwiliwili huku miguu imebaki palepale, ndo hapo watu wanaanguka kifudifudi na kuvunja nyonga. Akiganda asimame kwanza, asihangaike, anyooshe mgongo, ahamishie uzito mguu mmoja halafu mwingine kama anayumbayumba, kisha ahesabu moja, mbili, tatu na kutupa hatua moja ndefu. Hatua za kujiendea zenyewe ndo zimeharibika, lakini za kukusudia, za kufuata mdundo au alama, mara nyingi bado zipo. Ndo maana mtu anaganda kwenye korido kavu halafu ngazi anapanda vizuri tu, na majirani wanasema anaigiza. Haigizi jamani!

Kwa hiyo bandikeni tepu ya rangi inayoonekana sakafuni pale mlangoni, mistari iachane kama urefu wa hatua yake, avuke mstari mmoja mmoja. Wengine wanakwenda vizuri na wimbo, anayependa taarabu mwekeeni taarabu, wa kwaya awe na kwaya yake, bora mdundo usiwe wa kumkimbiza. Kapeti na mikeka ya hapo njiani itoeni. Akitaka kugeuka asijizungushe papo hapo, azunguke kwa duara pana. Na akiwa anatembea msimuulize habari za ada wala nani kapiga simu, akianza kufikiria jibu miguu inasimama. Wakorofi kwenye hili ni wajukuu na wageni, waambieni wasubiri akae.

Halafu msimkimbizie kununua ile fremu ya kunyanyua isiyo na magurudumu, wengi wenye kuganda inawazidishia. Mtu wa fizio amuone akitembea kwanza.

Naomba zoezi la Parkinson.

La nani? Ana miaka mingapi, anaanguka au haanguki, anatumia dawa gani, moyo wake ukoje? Kila mara nawaambia leteni maelezo. Siwezi kukupa zoezi la mtu nisiyemjua, akianguka utaniita mimi.

Mume wangu ana miaka 58, ameambiwa ana Parkinson ila anatembea vizuri na kazini anaenda. Fizio si tusubiri mpaka azidiwe?

Hapa ndo huwa napandisha presha. Wagonjwa wanaletwa kwetu wakiwa tayari kwenye wheelchair, mgongo umepinda, magoti hayanyooki, halafu familia inauliza mbona fizio haisaidii. Wakati mzuri ni huu sasa hivi akiwa na nguvu zake. Parkinson inamfanya mtu apunguze kila kitu bila kujijua, hatua fupi, mikono haipungi, mwandiko mdogo, sauti ya chini, na yeye anaona yuko kawaida kabisa. Kazi yetu ni kumzoesha makubwa, atembee kwa hatua anazoona zimezidi, apunge mikono mpaka aone aibu, na sisi tukimwangalia tunaona ndo kawaida. Aongeze kutembea kwa kasi au baiskeli mpaka ahema, na mazoezi ya nguvu ya miguu na mgongo. Mazoezi ya tai chi ya Wachina yamefanyiwa utafiti Marekani, ukatoka 2012, yakaonekana yanasaidia balansi na kupunguza kuanguka. Ngumi na dansi pia wanatumia, sio lazima gym ya bei.

Mazoezi ayafanye dawa ikiwa imeshika, wengi ni kama saa moja baada ya kumeza, sio wakati imeisha na mwili umekuwa gogo halafu mnamwita mvivu. Na levodopa, ile dawa kuu ya Parkinson, isimezwe pamoja na sahani ya nyama au maharage, protini inagombania nayo njia ya kuingia mwilini. Ratiba mpange na daktari, msijipangie.

Akifanya mazoezi atapona?

Hapana. Ataishi vizuri zaidi, ataanguka mara chache, atajifanyia mengi mwenyewe.

Mama hawezi kujigeuza kitandani wala kuinuka kwenye kochi, tunambeba.

Mnambeba kwa mapenzi, naelewa, na mapenzi hayo yanamlemaza. Kwenye kochi asogee mpaka ukingoni, avute miguu nyuma ya magoti na kuitanua, ainamishe kifua mpaka pua ipite magoti, asukume na mikono, hesabu tatu, juu. Akikaa wima na kujaribu kunyanyuka atarudi chini kila siku. Makochi yenyewe yale ya kuzama tafadhali mtafutieni kiti kigumu chenye mikono. Kitandani akunje magoti, ageuze kichwa, mikono na magoti yaende pamoja upande mmoja. Godoro la kuzama, blanketi zito na neti iliyombana vyote ni maadui wa kujigeuza. Akishakaa asubiri kidogo kabla ya kusimama, presha inaweza kushuka ghafla. Mpeni muda, hata akichukua dakika tano kufunga vifungo vya gauni muacheni.

Mjomba anatetemeka mkono mmoja akiwa amekaa, watu wanasema uzee.

Uzee hautetemeshi mkono mmoja. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kijiji kwa kijiji, matokeo yakachapishwa 2008, na wengi waliokutwa na Parkinson walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote. Mpelekeni. Na muorodheshe dawa zote anazotumia, maana metoclopramide, ile ya kuzuia kutapika mnayoiita Plasil, inaweza kuleta dalili hizi hizi au kuzizidisha, na mnainunua duka la dawa kama pipi.

Ni kweli mbegu za upupu zinatibu? Nimeona video.

Levodopa kweli imo. Ila kwenye kijiko chako imo kiasi gani hujui, ukiongezea juu ya vidonge anaweza kuanza kuona watu wasiokuwepo, kujinyonganyonga mwili, presha kuanguka. Usimpe, na vidonge usimsimamishie ghafla, hiyo ni hatari kuliko upupu wenyewe.

Baba akinywa chai anakohoa, kuna zoezi?

Sio la kwangu hilo, tafuteni mtaalamu wa usemi na kumeza, hospitali kubwa ulizieni. Mpaka hapo akae wima kabisa, anywe kidogo kidogo, asiongee. Akipata homa na kikohozi cha makohozi msingoje, chakula kikiingia mapafuni kinaweza kuleta nimonia.