Kliniki ya viti viwili nayo inahitaji bima ya mtandao?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni daktari wa meno, nina kliniki ya viti viwili hapa Masasi. Mafaili ya wagonjwa na picha za eksirei tulishayahamishia kwenye kompyuta, na madai ya bima ya afya tunayatuma kwa mtandao. Nina bima ya moto na wizi, ninayo pia ya dhima ya kitaaluma. Sasa kuna wakala ananihimiza niongeze bima ya mtandao, ile ya hasara za kudukuliwa. Anasema nikidukuliwa, sheria itanitoza faini ya shilingi bilioni 5. Fundi wangu wa kompyuta anasema ni kupoteza hela, antivirusi ipo na kila kitu kinajikopi kwenye diski ya nje. Mimi mwenyewe naona kliniki ndogo kama yangu haina cha kuibiwa. Wakala ameshanijazia fomu, imebaki saini yangu tu. Nisaini?

JIBU: Daktari, hiyo fomu usiisaini. Bima unaihitaji, ila si kwa sababu aliyokupa wakala wako.

Bima ulizonazo nitazipitia upesi. Ile ya moto na wizi inalipa kilichoungua au kilichobebwa. Kirusi kikifunga mafaili yako, kompyuta inabaki pale pale mezani, nzima, taa inawaka. Kwa mujibu wa hati hiyo, hujapata hasara yoyote. Ile ya dhima ya kitaaluma inakusimamia mgonjwa akidai umeng'oa jino lisilohusika. Haikuandikwa kwa ajili ya mgonjwa anayelalamika kwamba siri yake imesambaa. Fungua sehemu ya mambo yasiyolipwa uisome mwenyewe, huenda mambo ya mtandao yametajwa humo waziwazi.

Sasa nije kwenye maneno yako kwamba kliniki haina cha kuibiwa. Nayasikia kila ninapokwenda, Mtwara mjini, Newala, Nachingwea, Lindi, na kila mara yananiuma kwa sababu anayeyasema ni mtu aliyesomea afya. Toa fomu anayojaza mgonjwa mpya pale mapokezi uisome kama vile si yako. Jina, simu, mtaa, namba ya kadi ya bima ya afya. Halafu yanakuja maswali: una kisukari, una presha, u mjamzito, umewahi kuugua homa ya ini, unatumia dawa gani kila siku. Mama anayetumia dawa za kufubaza VVU anaandika ukweli hapo, pengine ukweli ambao hata dada yake hajaujua, kwa sababu ameelezwa kwamba utamchoma ganzi na lazima ujue. Mgonjwa huyo ni mwalimu wa mtoto wako, au mke wa jirani yako. Karatasi yake haihitaji kufika Dar es Salaam ndipo imharibie maisha. Ikifika sokoni Masasi inatosha.

Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Haiulizi kliniki ina viti vingapi. Wewe ni mkusanyaji wa taarifa: unatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuzilinda taarifa hizo, na zikivuja kuiarifu Tume bila kuchelewa.

Kuna na dhana kwamba mdukuzi anakaa mahali anachagua nani wa kumvamia, hivyo Masasi hataiona. Mashambulizi mengi hayaendi hivyo. Wavuvi wa huku wanalijua kokoro: likiburutwa halichagui dagaa wala changu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft walishalitolea kiraka tangu Machi mwaka huo. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi. Kilichodaiwa mwanzoni ili mafaili yafunguliwe kilikuwa dola 300 kwa kila kompyuta. Anayedai dola 300 hatafuti matajiri, anatafuta yeyote ambaye hajaziba tundu.

Kama bado unaona hayo ni ya hospitali kubwa, Agosti 2019 huko Wisconsin, Marekani, wadukuzi waliingia kupitia huduma ya kutunza bakapu, yaani nakala za akiba za mafaili, za kliniki za meno. Kliniki zipatazo 400 zilikuta mafaili yamefungwa. Zilikuwa za meno, Daktari, na zilikuwa zinalipia bakapu.

Hapo ndipo ninapomfikia fundi wako na diski yake ya nje. Mwaka mmoja niliitwa kwenye kliniki moja ya meno mkoani Lindi. Ilikuwa Novemba, fedha za mnada wa korosho zimeanza kuingia, na watu wamekuja kutengeneza meno waliyoyavumilia tangu masika. Benchi la nje limejaa. Kwenye kiti alikuwepo mzee ambaye matibabu ya mzizi wa jino lake yalikuwa yamefika nusu, mdomo wazi, pamba shavuni. Daktari alitaka kuona urefu wa mzizi alioupima wiki iliyopita, milimita zile ambazo ukizidisha unapenya mfupa na ukipunguza unaacha uozo ndani. Faili halifunguki. Picha za eksirei zote zilikuwa na majina yale yale, lakini mwishoni zimeongezewa herufi zisizo na maana. Tukaigeukia diski ya nje. Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ile ile, usiku na mchana, tangu siku iliponunuliwa. Kirusi kiliiona kama folda nyingine tu, kikaifunga nayo. Nenosiri la kompyuta lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha plasta chini ya kibodi.

Mzee yule alipigwa picha upya na kupimwa upya. Waliobaki benchini waliambiwa warudi wiki inayofuata, na wengine hawakurudi.

Bakapu inayokaa imechomekwa muda wote haikuokoi siku hiyo. Diski ichomolewe ikimaliza kukopi, iwekwe nyumba nyingine, na kila baada ya muda urudishe faili moja kutoka humo uone kama linafunguka. Fundi asiyejua hili asikushauri kuhusu bima.

Bima ya mtandao iliyoandikwa vizuri inabeba mambo ya aina mbili. Kwanza ni gharama zako mwenyewe: wataalamu wa kuchunguza walioingia wameingilia wapi, kurudisha mafaili, kuwaarifu wagonjwa, mwanasheria, na mapato yaliyopotea siku ambazo kliniki imesimama. Pili ni madai ya wengine, kwa sababu sheria inampa mwenye taarifa haki ya kudai fidia. Kwa kliniki yako mimi nauthamini zaidi msaada wa wataalamu kuliko fidia yenyewe. Usiku ule wa kwanza unahitaji namba ya simu ya mtu anayejua la kufanya, na huku kwetu mtu huyo hapatikani kirahisi.

Jina lake ndilo linalopotosha. Bima ya mtandao hailipi kila mtandao unapokatika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, hasara ya namna hiyo kwa kawaida hati hizi haziilipi. Uliza pia saa za kusubiri kabla mapato yaliyopotea hayajaanza kuhesabiwa. Kliniki inayosimama nusu siku inaweza isipate kitu. Na mhudumu wako akidanganywa kwa simu akatuma hela kwenye namba ya tapeli, mara nyingi hilo halimo, au limewekewa kikomo kidogo peke yake.

Kuhusu bilioni 5, wakala amekutisha kwa kifungu asichokielewa. Adhabu hiyo, inayofika bilioni 5 kwa kampuni, na kwa mtu binafsi faini isiyozidi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, ni ya anayezitoa taarifa za watu kinyume cha sheria. Aliyevamiwa hayuko hapo kwa sababu tu ya kuvamiwa. Tena faini ya jinai haihamishiwi kwenye bima. Anayekuuzia bima kwa kukuahidi kwamba italipa faini hiyo anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Turudi kwenye fomu, kwa kuwa ndiyo inayozika watu. Najua imejazwaje hata bila kuiona: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Programu zote zina leseni? Ndiyo. Bakapu zinatunzwa mbali na kompyuta? Ndiyo. Kila mfanyakazi ana nenosiri lake? Ndiyo. Barua pepe ina uthibitisho wa hatua mbili? Ndiyo. Wakala anajaza hivyo kwa sababu jibu la "hapana" linachelewesha kamisheni yake. Lakini saini ni yako, na bima yoyote inasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: unatakiwa kumwambia mwenye kampuni kila jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wake. Siku ya madai kampuni inatuma mchunguzi, na mchunguzi anaanza na fomu hiyo mkononi. Akikuta Windows isiyo na leseni na diski iliyochomekwa, kampuni ina haki ya kukataa kulipa, na utakuwa umelipa ada miaka yote bure. Fomu yenye "hapana" tatu za kweli itakupandishia ada, au utapewa miezi kadhaa urekebishe. Hiyo ni bima.

Hili nawaambia wenye zahanati, maduka ya dawa na maabara wote wa Kusini, si Daktari wa Masasi peke yake. Mtu akikuletea bima kwa ujumbe wa WhatsApp na kutaka ada itumwe kwenye namba yake ya simu, achana naye. Ada inalipwa kwa kampuni ya bima iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na hati ikitoka ihakiki kwenye mfumo wa TIRA siku hiyo hiyo. Ada isipolipwa, kinga haijaanza, hata kama hati iko kwenye droo. Na mafaili yakishafungwa, fundi wa mtaani akisema atayafungua kwa laki mbili, usimpe kompyuta. Ataifuta, na kwa kuifuta ataondoa ushahidi ambao kampuni ya bima inauhitaji. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, acha mashine ilivyo, piga simu kwa bima yako kwanza.

Daktari, mrudishie wakala fomu yake na uombe nyingine tupu. Ijaze mwenyewe jioni kliniki ikishafungwa, fundi akiwa ameketi pembeni, na kila swali mlijibu baada ya kwenda kuangalia kwenye mashine. Mkifika penye swali la lini bakapu zilijaribiwa kurudishwa mara ya mwisho, na jibu likawa hazijawahi, andika hazijawahi. Kisha mwambie fundi azijaribu kesho yake asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kukaa kitini.