Elfi yupi afunguliwe mlango?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinabishania jambo moja: katika magemu ya mtandaoni, mchezaji aruhusiwe kuwa elfi (kiumbe wa kubuniwa, kama mtu mwenye masikio marefu) wa jamii zipi? Tumezijibu kwa uzito wake, si kwa zamu ya kufika.

Habari za kazi wahariri. Hapa bandani tumegawanyika. Katika gemu ya World of Warcraft kuna kambi mbili zinazopigana, Alliance na Horde. Wenzetu wanataka elfi wa juu wapewe kambi ya Alliance kama jamii kamili, kwa sababu ndiko walikokaa tangu zamani. Sisi tunasema elfi wa damu wa kambi ya Horde ndio hao hao, kuna haja gani ya kuwarudia? Tuamulieni.
*Wabishi wa Mwanjelwa, Mbeya*

Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Elfi wa damu ni elfi wa juu waliobadili jina. Ufalme wao wa Quel'Thalas ulipovunjwa na chemchemi yao ya nguvu, Sunwell, ikachafuliwa, waliosalia walijiita wa damu ili kuwaenzi waliokufa. Wachache walilikataa jina hilo wakabaki na Alliance. Mtu wa Kyela ataelewa haraka: Mnyakyusa wa upande huu wa mto Songwe na Mngonde wa Karonga ni ndugu wa asili moja, ila mpaka umepita katikati na kila mmoja ana serikali yake. Hakuna anayesema Mngonde hayupo kwa kuwa Mnyakyusa yupo. Ila pia hakuna awezaye kukuambia yupi ni yupi kwa kuwatazama tu kwa mbali, na hapo ndipo watengenezaji walipokwama.

Gemu ilipofunguliwa tarehe 23 Novemba 2004, Alliance ilikuwa na elfi wa usiku peke yao. Horde haikuwa na elfi yeyote, na kwenye seva nyingi wachezaji walirundikana Alliance. Tarehe 16 Januari 2007 elfi wa damu wakaingia Horde, na wakaingia na upaladini, fani ya shujaa anayepigana kwa nguvu za nuru, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa ya Alliance tu. Ubishi wenyewe ulikolea 2008, mji wa Dalaran ulipofunguliwa. Mchezaji wa Alliance akawa anapishana kila siku na elfi wa juu wa kikosi cha Silver Covenant waliovaa rangi za kambi yake, lakini yeye hana ruhusa ya kuwa mmoja wao. Anayekereka kwa hilo tunamwelewa kabisa.

Jibu la watengenezaji kwa miaka mingi lilikuwa la umbo. Vitani unatakiwa umtambue adui kwa kivuli chake kabla hujasoma jina lake. Mwili mmoja ukiwa kwenye kambi zote mbili, utamrushia mwenzako mshale. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu hadi tarehe 30 Januari 2018, walipoingia elfi wa utupu upande wa Alliance na Nightborne, jamii nyingine ya kielfi, upande wa Horde. Wa utupu wanatumia kiunzi kile kile cha elfi wa damu, mifupa na mwendo, na Nightborne wanatumia cha elfi wa usiku. Mwaka 2020 wa utupu wakapewa na rangi za ngozi za elfi wa damu, na rangi za nywele za kawaida zikafuata. Kisha tarehe 31 Mei 2022 watu wa kambi mbili wakaruhusiwa kuingia mapangoni kundi moja. Hoja ya kivuli haina tena pa kusimama.

Uamuzi wetu ni huu: ngozi, macho na nywele ziwe huru kwa kila mtu, lakini jamii mpya kamili isiongezwe mpaka iwe na kwao. Kwao maana yake mji wa kuanzia, kazi za mwanzo za peke yake na uwezo ambao wengine hawana. Elfi wa juu wa Alliance hana hata kimoja ambacho elfi wa damu hajakichukua.

Wanaomtaka leo wafanye hivi. Chagua elfi wa utupu, weka ngozi ya kawaida badala ya ile ya samawati, macho ya bluu, nywele za dhahabu, na ukwepe mitindo yenye mikia ya utupu iliyoning'inia kichwani. Kitakachokusumbua ni kimoja: vitani, kipaji chao cha Entropic Embrace kikiwaka, mwili hugeuka zambarau kwa sekunde kadhaa. Na tangu mwanzo hawakupewa upaladini, ambao ndio mashabiki wengi wa elfi wa juu wanaulilia. Hilo ni dai la haki na tunaliunga mkono.

Shikamooni. Nipo chuo hapa Iringa na nimenunua The Elder Scrolls Online. Kati ya elfi watatu, yupi anamfaa mtu wa kunyata na upinde? Na Maormer, elfi wa baharini, kwa nini hawaruhusiwi?
*Mwanafunzi, Kihesa*

Marahaba. Kwa upinde chukua Bosmer, elfi wa msituni. Anaongeza stamina (pumzi ya kupigania) ya juu kwa 2,000 na urejeshaji wake kwa 258, na upinde unakula stamina. Altmer, elfi wa juu, anaongeza majika (akiba ya uchawi) kwa 2,000 na nguvu ya silaha na uchawi kwa 258. Dunmer, elfi wa giza, anapata 258 hiyo hiyo pamoja na 1,910 kwenye stamina na majika kwa mpigo, kwa hiyo ndiye salama kwa mtu ambaye bado hajajua atapigana vipi.

Kwa kunyata, tahadhari. Miongozo mingi inayozunguka iliandikwa kabla ya Februari 2019. Wakati huo Bosmer alikuwa na kipaji cha kunyata. Mabadiliko ya mwezi huo yalikiondoa, akapewa badala yake jicho la kuwaona waliojificha. Mashabiki walikasirika, na tunasema walikuwa na haki: mwindaji wa msituni asiyejua kunyata ni mwindaji gani? Mwenye kipaji hicho ni Khajiit, ambaye si elfi bali ni jamii ya paka, na anaonekana kwa umbali pungufu wa mita 3 akiwa amejificha. Kama kunyata ndiko unakokupenda kuliko masikio marefu, chagua yeye.

Kosa la wageni wengi ni hili: tarakimu hizo huji nazo siku ya kwanza. Kila jamii ina vipaji vitatu vikubwa, kila kimoja kina ngazi tatu, hivyo tenga pointi 9 za ujuzi. Wengi humwaga pointi zote kwenye silaha, wakifika leveli ya 30 wanalalamika kuwa Bosmer ni dhaifu, kumbe hawajamfungua.

Maormer hawaruhusiwi kwa sababu ya hesabu ya mwanzo. Gemu ilipotoka tarehe 4 Aprili 2014, ilikuwa na miungano mitatu na kila mmoja una jamii tatu. Waimperiali, ambao ni wanadamu, wakawa wa kumi, nje ya safu hiyo. Maormer ni maadui wa Altmer tangu kale, hawamo katika muungano wowote, na mchezaji hukutana nao wakiwa maharamia. Lakini wapime kwa kipimo chetu: wana visiwa vyao vya Pyandonea, wana mfalme, wana nyoka wa baharini, na ngozi zao zimepauka kiasi kwamba hakuna atakayewachanganya na Altmer. Ikifunguliwa nafasi ya elfi mmoja tu, wao wawe wa kwanza kwenye foleni.

Mnaandika "elfi". Kwa nini si "elfu"? Wanafunzi wangu wanaandika hivyo.
*Mwalimu, Tukuyu*

Kwa sababu elfu ni 1,000, mwalimu. Andika "elfu tatu wamevamia kijiji" na msomaji hatajua kama wamekuja watatu au elfu tatu. Sisi tunaandika elfi, umoja na wingi, katika ngeli ya A-WA: elfi huyu anakuja, elfi hawa wanakuja. Wapo wanaopendelea kumwita jini. Tunakataa, maana jini ana nafasi yake katika dini na katika hadithi za pwani, na elfi wa gemu ni mtu wa nyama na damu anayezaliwa, anayelima na anayekufa.

Habari zenu. Mimi nacheza Final Fantasy XIV, mhusika wangu ni Viera. Kila kofia ninayompa haionekani! Kompyuta yangu ina tatizo? Na je, Viera anahesabika kuwa elfi?
*Dada wa Njombe mjini*

Kompyuta yako ni nzima, dada. Kofia nyingi hazionekani kwa Viera kwa makusudi. Masikio yake yanasimama juu ya kichwa kama ya sungura, na yapo ya mitindo tofauti. Kofia iliyochongwa kwa kichwa cha binadamu ingekatwa na masikio, ncha zikachomoza katikati ya chuma. Kuzuia hilo kungedai kila kofia irekebishwe upya kwa masikio hayo, na gemu ina kofia mamia kwa mamia. Watengenezaji wakaamua nyingi zisionyeshwe. Kinga na nguvu za kofia unazipata zote, usiivue. Pambo la kichwani utalipata kwenye miwani, iliyopewa nafasi yake tangu toleo la 2024, na kwenye kofia chache zilizoruhusiwa.

Uelfi wake? Elfi rasmi wa gemu hiyo ni Elezen, wale warefu wenye shingo ndefu, waliokuwapo tangu kuzinduliwa upya Agosti 2013. Viera waliingia tarehe 2 Julai 2019, wanawake peke yao, na wanaume wakafuata Desemba 2021. Wanaishi miaka mingi, makazi yao ni msitu na sheria zao ni za msitu. Kwa tabia ni elfi kuliko hata Elezen. Kwa nguvu msibishane: pointi chache za mwanzo zinazotofautisha jamii hazihisiki kabisa ukifika leveli za juu.

Nimekulia kati ya misonobari ya Sao Hill, kwa hiyo elfi wa msituni ndiye wangu. Ni gemu ipi inayomfanya elfi aishi kweli kama elfi, si masikio tu?
*Msomaji, Mafinga*

EverQuest, iliyofunguliwa tarehe 16 Machi 1999. Ilianza na jamii 12, na nne kati yake za kielfi: wa msituni, wa juu, wa giza na nusu-elfi. Hakuna gemu tuijuayo iliyowapa kwao kwa ukamilifu namna hiyo.

Wa msituni anaanzia Kelethin, mji uliojengwa juu ya miti. Ni majukwaa ya mbao yaliyounganishwa kwa madaraja membamba, na kingo nyingi ziko wazi. Usiku ukiingia binadamu haoni kitu, ila elfi wa msituni anaona kwa jicho linaloshika joto. Hata hivyo wageni wengi hufa siku ya kwanza bila kuonana na adui: hatua moja pembeni, chini, kwisha. Tembea, usikimbie. Kaa katikati ya daraja, na kwenye lifti subiri jukwaa lisimame kabisa ndipo uingie.

Wa giza anatokea Neriak, na miji ya wema haimtaki. Akikaribia Felwithe, mji wa elfi wa juu, au Kelethin, walinzi wanamshambulia papo hapo, bila onyo. Njia ya kuzunguka hilo ni kuchukua fani ya Enchanter, mchawi wa kiini macho, ambaye kwa speli zake za kujigeuza huvaa sura ya jamii nyingine, na walinzi humpima kwa sura hiyo. Speli ikiisha akiwa katikati ya mji, amekwisha. Hasara kama hiyo ndiyo inayoifanya jamii iwe jamii.

Drow, elfi wa giza wa Dungeons & Dragons Online anapatikana bila kulipa?
*Makambako*

Anapatikana kwa kufikisha pointi 400 za hisani katika seva moja. Hisani hutolewa unapomaliza kazi mara ya kwanza kwa kila ugumu: kawaida huzidishwa kwa 1, ngumu kwa 2, ngumu zaidi kwa 3. Kazi yenye msingi wa 4 itakupa 4, 8 au 12. Hazijumlishwi, inahesabiwa ile ya juu tu. Kwa hiyo wanaorudia kazi mara tatu ngazi kwa ngazi wanapoteza muda. Tafuta wenzako, ingieni ugumu wa juu moja kwa moja, na kazi kama 34 za namna hiyo zinatosha. Usihame seva katikati.

Ukimpata, jua unachonunua. Anaongeza 2 kwenye wepesi, 2 kwenye akili na 2 kwenye mvuto, anapoteza 2 kwenye uhimili, na anajengwa kwa pointi 28 za kugawa kwenye sifa hizo hata pale wengine wanapofunguliwa 32. Uhai wake ni mdogo. Mpe fani ya uchawi au ya wizi, usimweke mstari wa mbele.

Nikikosea jamii, naanza upya?
*Msomaji, Vwawa*

Si lazima. World of Warcraft hutoza dola 25 kubadili jamii ndani ya kambi ile ile, na 30 kuhama kambi. The Elder Scrolls Online hutoza krauni 3,000, sarafu ya duka la gemu hiyo. Final Fantasy XIV hukupa chupa moja ya Fantasia, dawa ya kubadili jamii na sura, bure ukimaliza simulizi kuu ya sehemu ya kwanza. Usiinywe kwa hasira. Tangu 2024, ukiinywa na kuingia gemuni, una dakika 60 za kurudi kurekebisha sura kabla haijafungwa, kwa hiyo mvalishe nguo zake zote, mtembeze juani na gizani, umtazame masikio kwa nyuma.