Tochi ya mfukoni ya kila siku: lumeni ziache ziwe za mwisho

Mkuu, umesema una elfu 60, unataka tochi ndogo ya kutembea nayo kila siku, na dukani umeonyeshwa mbili za bei moja: moja imeandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10,000, nyingine lumeni 300. Ukauliza ni mtu gani mwenye akili atachukua ya 300. Mimi nimeichukua, tena mara mbili. Jibu ni refu, nivumilie.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Siku yangu inaishia darini, kwenye makabati ya mita na nyuma ya friji za watu. Nikisahau testa au tochi nyumbani, narudi. Kwa miaka tisa nimepitia tochi saba. Mbili ziliibwa, moja ilitumbukia chooni kwa mteja (sikuifuata), nyingine zilinichosha kwa sababu utakazoziona huku chini.

Tuimalize kwanza hiyo ya 10,000. Balbu ya LED ya wati 9, ile ya sebuleni, inatoa kama lumeni 800. Boksi linakuambia kwamba kitu cha ukubwa wa kidole kinatoa mwanga wa balbu 12. LED nzuri inatoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo hapo unahitaji wati 100. Betri moja ya 18650, ile nene ya milimita 18 kwa 65, ikiwa ni halisi inabeba kama wati-saa 11, yaani inatoa wati 11 kwa saa moja. Piga hesabu: haifiki dakika saba, na kabla ya hapo ungekuwa umeshaitupa chini kwa moto. Hizo namba ni mapambo ya boksi. Vivyo hivyo ukiona 18650 imeandikwa 9,900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Betri nzuri za saizi hiyo nyingi zinaishia kwenye 3,500 hivi, na zina uzito wa gramu 45 hivi. Ukiishika ikawa nyepesi kama ya plastiki, irudishe. Nimewahi kupasua ganda la moja, ndani mlikuwa na kibetri kidogo na unga mweupe.

Lumeni 300 za kweli, sasa. Mshumaa ni lumeni 12 hivi. Ukiwa chumbani, 300 zinakuumiza macho. Na jicho letu halihesabu kama mashine: ili uone mwanga umekuwa mara mbili, unahitaji karibu mara nne ya lumeni. Ndiyo maana mtu anayetoka 300 kwenda 450 analipia kitu ambacho hatakiona.

Zaidi ya hapo, uliza mwanga huo unadumu kwa muda gani. Kuna kipimo cha Marekani cha tochi kinaitwa ANSI FL1, kilitoka 2009, na watengenezaji wengi wa maana wanakifuata. Ila kisome vizuri. Lumeni zinapimwa sekunde 30 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Yaani tochi inaweza kuwaka vizuri kwa dakika tano, ikajikokota kwa saa mbili, na boksi likaandika "saa 2" bila kudanganya. Umbali nao unahesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki laksi 0.25 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), kama mbalamwezi tu. Ukiandikiwa mita 100, kwa kumtambua mtu weka 50, nami huwa napunguza zaidi.

Kipimo changu mimi ni cha bafuni. Bafu langu lina dari nyeupe na halina dirisha. Nasimamisha tochi kwa kitako, mwanga unapiga dari, halafu simu naiweka sakafuni ikiwa na programu ya kupima laksi. Kila baada ya dakika naandika namba. Namba yenyewe haina maana kubwa, simu yako itasoma tofauti na yangu. Kinachotafutwa ni inavyoshuka. Hii niliyonayo sasa (sitaitaja, nisije nikaambiwa natangaza biashara) ilianza na 140, dakika ya tatu ikawa 61, ikakaa hapohapo mpaka saa moja na dakika ishirini ndipo ikaanza kufa. Kule kushuka kwa mwanzo ni kwa sababu ya joto, tochi inajilinda, si ubovu. Niliyokuwa nayo kabla ilishuka taratibu tangu dakika ya kwanza, haikutulia hata mara moja. Hiyo ndiyo inayokufanya kila siku uhisi betri imeisha.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, na mimi naliweka juu ya yote: rangi.

Nilikuwa darini kwenye nyumba ya zamani iliyoongezwa vyumba. Waya za zamani zilikuwa nyekundu kwa laivu (unaoleta umeme) na nyeusi kwa nyutro (unaourudisha). Fundi aliyeongeza vyumba alitumia za siku hizi, kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro. Ndani ya boksi moja la maungio zimo zote, vumbi juu yake. Tochi yangu wakati huo ilikuwa ya ule mwanga mweupe wa kuelekea bluu, wa mng'aro kama wa welding. Nikaona waya mweusi, nikauita nyutro. Ulikuwa wa kahawia. Mwanga ule hauna wekundu wa kutosha ndani yake, kwa hiyo kahawia inageuka nyeusi. Testa ndiyo iliyoniambia, mkono ukiwa tayari umeshaenda. Nilishuka, nikanywa maji, nikakaa.

Toka siku hiyo nanunua tochi yenye CRI ya 90 kwenda juu. CRI ni alama ya jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kama zilivyo, na 100 ndiyo ya juu. Tochi nyingi za bei ya chini zina 70 hivi na haziandiki. Angalia pia joto la rangi: 6,500K ni ule wa bluu, 4,000 mpaka 5,000K ni mweupe wa wastani usioelekea bluu. LED ya Nichia 519A inasifiwa sana kwa hili na haijaniangusha. Bei yake ni kwamba tochi yenye CRI kubwa inatoa lumeni pungufu kwa betri ileile, na hapo ndipo mtu wa lumeni 10,000 anakucheka. Mwache acheke. Kama hufanyi kazi ya waya bado utaifaidi: kuangalia nyama buchani umeme umekatika, kidonda cha mtoto, doa kwenye shati. Dukani mulika kiganja chako. Kikionekana cha maiti, rudisha.

Kitu cha pili wasichokitaja ni mwanga wa chini kabisa. Kila mtu anauliza inawaka kiasi gani, hakuna anayeuliza inafifia kiasi gani. Mimi na mama watoto tulikuwa na mtoto mchanga mwaka juzi. Saa tisa usiku, ndani ya neti, lumeni 300 ni ugomvi. Tochi nzuri inashuka mpaka lumeni 1 au chini ya hapo, unaona nepi, unaona chupa, hakuna anayeamka. Na kwa mwanga huo betri inakwenda siku kadhaa, kwa hiyo umeme ukikatika muda mrefu ndio utakaokuokoa. Ila hakikisha ukiiwasha inaanza na mwanga mdogo, au inakumbuka ulipoiachia. Kuna zinazoanza na mkubwa, ukibonyeza zinakwenda wa kati, mdogo, halafu disko, halafu ile ya kuomba msaada melini. Jaribu kuwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika koleo, tochi ianze disko.

Kwenye mwanga mdogo angalia pia kama unapepesa. Elekeza kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inapita, inapepesa. Kwa kusoma inachosha macho. Kwa fundi ni hatari zaidi, maana mwanga wa kupepesa unaweza kuonyesha panga la feni au puli kama limesimama kumbe linazunguka.

Betri. Hapa tutabishana, najua. Watu wa tochi wanapenda 18650 kwa nguvu, nami nakubali nguvu ipo. Lakini wewe umesema ndogo, ya kila siku, na unasafiri mikoani. Nachagua tochi ya betri moja ya AA, saizi ya betri za saa ya ukutani, kwa sababu ikizima popote penye kiosk naipata. Kwa matumizi ya kawaida usiweke hizo za kiosk, weka za kuchaji za NiMH kama eneloop za Panasonic. Zina 1,900 au 2,000 mAh kwa volti 1.2, yaani wati-saa 2.4 hivi, zinazokupa lumeni 100 kwa saa mbili hivi. Za kawaida ukizisahau ndani zinavuja. Tochi yangu ya pili ilikufa hivyo: nilifungua baada ya miezi mitatu nikakuta chumvi nyeupe imekula springi. Ikiwa ni alkalaini, siki au ndimu kidogo kwenye pamba inasafisha ukiwahi. Mimi sikuwahi.

Halafu kuna betri ya 14500. Kwa umbo ni AA mtupu, lakini ni ya lithiamu, volti 3.7, ikijaa 4.2. Tochi iliyoandikwa inapokea zote mbili itawaka kama gari kwa 14500. Isiyoandikwa inaweza kuungua. Mdogo wangu aliazima chaja yangu, akachukua na betri "ya AA" iliyokuwa pembeni, akaiweka kwenye tochi yake. Iliwaka vizuri sana kwa sekunde chache. Kama nyumbani una watoto na rimoti, 14500 zifungie.

Ukichukua ya kuchaji kwa USB-C, nenda dukani na waya mbili. Tochi nyingi za bei nafuu zinachaji kwa waya wa USB ya zamani kwenda C, lakini kwa C kwenda C hazipokei kitu. Utadhani imekufa, kumbe ni waya.

Mfukoni: swichi ya pembeni inajibonyeza. Nilikuwa nimebanwa kwenye daladala, begi la mama mmoja limeniegemea, nikasikia paja linaungua. Nilipofanikiwa kuitoa, suruali ilikuwa na alama ya duara. Sasa nikiiweka mfukoni nalegeza kitako robo mzunguko, umeme unakatika, hakuna cha kujiwasha. Hili lijaribu kabla ya kulipa, si zote zinakubali. Ya swichi ya nyuma ngumu haina tabia hiyo, na unaiwasha gizani bila kutafuta.

Maji: IPX8, alama ya kwamba inavumilia kuzamishwa majini, ni nzuri, lakini oringi (pete ya mpira inayozuia maji) ikikauka herufi hizo hazikusaidii. Paka grisi ya silikoni mara moja moja. Yangu imefuliwa na jinzi mara mbili.

Na jambo la kifundi kidogo: utaing'ata. Kila mtu anasema hataing'ata. Pima mdomoni (baada ya kuifuta, bwana). Ya AA yenye gramu 50 na kitu unaivumilia, ya 18650 taya linauma baada ya dakika mbili. Alumini inachubua meno, kwa hiyo yangu nimeivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Tyubu hiyo pia inazuia tochi isibiringike darini na kupotelea kwenye jipsamu.

Umeuliza pia kuhusu zile za kuvuta mbele na nyuma. Kile kioo kinatupa mwanga mbali, sawa, lakini ukikivuta kinachora mraba wa LED ukutani na pembeni giza tupu, na vumbi na maji vinapita kwenye ile sehemu inayoteleza. Baba mdogo ni mlinzi wa shamba, anayo na anaipenda, kazi yake ni kuangalia mwisho wa uzio. Wewe umesema unarudi usiku kwa miguu na barabara yenu ina mitaro. Unahitaji kuona mguu unapokanyaga, mita tano, kumi. Chukua ile ya 300 kama ina mwanga mdogo wa kweli, elfu zitakazobaki nunua eneloop mbili na chaja.