Watoto wa Ufilipino wanaodumaa na kuugua surua: niliyoyaona Laguna

Ndugu mleta uzi, umeuliza inakuwaje nchi inayosomesha wauguzi na kuwapeleka hospitali za Ghuba, Uingereza na Marekani iwe yenyewe na watoto waliodumaa na wanaokufa kwa surua, ugonjwa wenye chanjo. Mimi ni afisa lishe. Nilisoma Los Baños, mkoa wa Laguna, kusini ya Manila, kuanzia 2017 hadi 2019, na sehemu ya mafunzo yangu niliifanyia mitaani pamoja na wahudumu wa afya ya jamii. Swali lako linanigusa, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu wa jibu.

Kwanza, wataalamu hawakosekani hata huko mitaani. Kila mwanzo wa mwaka, barangay, ambayo ni kama mtaa wetu wenye uongozi wake wa kuchaguliwa, huwapima watoto wa chini ya miaka 5 uzito na urefu. Wanaofanya kazi hiyo ni wenyeji wa hapohapo, wengi wao kina mama wanaolipwa posho ndogo, na utaratibu wa kuwa na mhudumu wa lishe katika kila barangay upo kisheria tangu 1978. Watoto wanawajua kwa majina, na nyumba wanazijua kwa matatizo yake. Hata hivyo, katika miaka niliyokuwa huko takriban watoto 3 katika kila 10 wa umri huo walikuwa wamedumaa, kiwango kinachokaribiana sana na chetu Tanzania.

Mapema mwaka 2018 tuliingia nyumba ya bibi mmoja ambaye, kama bibi yeyote wa huko, sote tulimwita Lola. Alikuwa akilea wajukuu watatu. Mama yao alikwenda Riyadh, Saudi Arabia, kufanya kazi za ndani wakati kitinda mimba ana miezi 7, na siku hiyohiyo kunyonya kukakoma. Tulimlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia urefu, mwenzangu akashika kichwa, mimi nikanyoosha magoti na kusogeza kibao hadi kwenye nyayo: sentimita 77, kwa mvulana wa miezi 20 ambaye wastani wa umri wake ni kama 84. Lola hakuamini, kwa kuwa mtoto alikuwa na mashavu, akicheka na kukimbia. Udumavu hufichika hivyo. Anayemwona mtoto peke yake, bila wa kumlinganisha naye, haoni kasoro.

Asubuhi ile mtoto alikuwa amekula wali uliomwagiwa kahawa nyeusi yenye sukari. Mchana ungekuja wali tena, na mchuzi wa tambi za pakiti. Maziwa ya kopo yalikuwapo, lakini Lola aliyazidishia maji ili kopo moja lifike wiki mbili. Fedha za Riyadh zilikuwa zikija, ila zililipa kwanza deni la safari, kisha mahitaji ya shule ya wakubwa. Nami, kwa ugeni wangu katika kazi, nikaanza kumfundisha makundi ya vyakula. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mayai nayajua, mwanangu." Sijawahi kurudia somo lile nyumbani kwa mtu bila kuuliza kwanza mfukoni kuna nini. Novemba mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya lishe ya siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka 2, sheria nzuri kweli, lakini siku 1,000 za mtoto yule zilikuwa zimeshakwisha.

Upande wa surua ndio unaoniumiza zaidi. Kwenye kadi ya kliniki ya mvulana yule chanjo za miezi ya mwanzo zilikuwa zimejazwa, ya surua ilikuwa tupu. Dada yake mkubwa alikuwa miongoni mwa wanafunzi zaidi ya 800,000 waliochanjwa dhidi ya homa ya dengue katika mpango ulioanza 2016, akiwa darasa la nne. Novemba 2017 kampuni iliyoitengeneza chanjo hiyo, Dengvaxia, ikatangaza kwamba asiyewahi kuugua dengue anaweza kuugua vibaya zaidi akipata dengue baada ya kuchanjwa, na mpango ukasitishwa. Utafiti mmoja ulionyesha kwamba waliokubali kwa dhati umuhimu wa chanjo walishuka kutoka asilimia 93 mwaka 2015 hadi 32 mwaka 2018. Ni haki kusema kwamba uchanjaji wa surua ulikuwa umeanza kuporomoka kabla ya hapo, kutoka zaidi ya asilimia 80 mwaka 2008 hadi chini ya 70 mwaka 2017. Sakata lile lilikuta ukuta umeshapata nyufa.

Lola alikuwa akifunga geti kila alipoona sanduku la baridi la chanjo. Februari 2019 mlipuko wa surua ulitangazwa, na mwaka ule watu zaidi ya 500 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Mhudumu wa mtaa wetu, mama wa makamo, alikwenda kwa Lola mikono mitupu. Hakutaja surua kabisa. Aliuliza habari za yule binti mkubwa: analalaje, amepata homa lini mara ya mwisho, nani amempima tangu yale matangazo. Jibu lilikuwa hakuna. Akampeleka kituo cha afya yeye mwenyewe, wakarudi na majibu kwamba mtoto ni mzima. Siku ya tatu baada ya hapo Lola akamleta mdogo, akiwa na miezi 33, akachanjwa.

Septemba mwaka huo polio ilirudi Ufilipino, nchi iliyokuwa imetangazwa kuwa huru tangu 2000, na mmoja wa wagonjwa wawili wa kwanza alikuwa mvulana wa miaka 5 wa Laguna yetu. Safari hiyo, matone yalipopelekwa nyumba kwa nyumba, geti la Lola lilikuwa wazi.