Maswali yenu kabla sijaenda likizo

Dada, shikamoo. Wiki hii unasoma nini? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tabora)

Marahaba. Nimerudia vitabu viwili vya zamani. Kimoja ni Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika kijitabu cha kuikosoa serikali ya Kenya, na mwaka uliofuata akafungwa miaka mitatu. Mashairi hayo aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Yalichapwa mwaka 1973, kisha yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimtia ndani. Nayasoma kwa sauti alfajiri, maana vina na mizani vinataka sikio. Kimvita chake, yaani Kiswahili cha Mombasa, kisikutishe. Beti za mwanzo zitakukwamisha kidogo, kisha utazoea.

Cha pili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, na kuna mzazi amekiulizia.

Nimemkuta binti yangu wa kidato cha pili anasoma Rosa Mistika, nikamnyang'anya. Si kiliwahi kufungiwa hiki? (Mzazi, Morogoro)

Ni kweli, mzazi mwenzangu. Kilitoka mwaka 1971, kikapigwa marufuku shuleni kwa kuyataja mambo ya ngono waziwazi. Baadaye kitabu hicho hicho kikafundishwa sekondari.

Kabla hujaamua, nakuomba ukisome mwenyewe. Utamkuta Zakaria, baba anayemtwanga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, asimweleze lolote. Rosa anatoka kwao hajui kujilinda, na huko nje wanaume wenye fedha na vyeo wanamharibia maisha. Hasira yote ya Kezilahabi imeelekezwa kwa wazazi na walimu waliodhani ukali unatosha kumlinda msichana. Halafu wakubwa wakaenda kuwaficha mabinti kitabu kinachoeleza madhara ya kuwaficha mabinti! Linaniuma jambo hili kila nikikifungua.

Sisemi kila kitabu kinafaa kila umri. Mwisho wa Rosa ni mzito, na mtoto wa kidato cha pili asiachwe nao peke yake. Mrudishie, msome pamoja, umuulize Rosa alikosewa wapi na alikosewa na nani. Ukishasoma ukaona bado hajafikia umri, mwambie asubiri, na umpe sababu. Akinyang'anywa bila neno atakisoma kwa rafiki yake, na hapo hutakuwepo wa kuulizwa.

Kwa hiyo hata ile marufuku ya 2023 huikubali? (Mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma)

Kwa wasioikumbuka: Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilivizuia shuleni vitabu 16 kwa hoja ya mila na maadili. Vilikuwemo vya Diary of a Wimpy Kid, hadithi zenye vikatuni kuhusu mvulana wa shule, na pia vitabu vya elimu ya jinsia. Wizara ina wajibu wa kuchagua vitabu vya shule, na hilo silipingi hata kidogo. Ninachotaka ni kila kitabu kipewe hukumu yake: ukurasa upi una shida, kwa mtoto wa umri gani, na nani amekisoma chote. Orodha inayoweka vikatuni na elimu ya jinsia kapu moja haikuonyeshi wewe mwalimu mpaka uko wapi.

Huku kwetu Marekani nako wanaondoa vitabu. Sisi wazazi tuliotoka Afrika Mashariki tufanye nini? (Msomaji, Minnesota)

PEN America, shirika la kutetea uhuru wa waandishi, lilihesabu matukio 10,046 ya kuzuia vitabu katika shule za umma mwaka wa masomo wa 2023–2024, na 6,870 mwaka uliofuata. Hayo ni matukio, si majina ya vitabu. Kitabu kimoja kikiondolewa katika wilaya kumi kinahesabiwa mara kumi. Bodi za shule hufanya mikutano ya wazi. Hudhurieni, na msiogope kuzungumza kwa lafudhi yenu.

Likizo unakwenda wapi? (Wengi mmeuliza)

Ukerewe, kisiwa alikozaliwa Kezilahabi. Nitapanda meli Mwanza hadi Nansio, na begani nitakuwa na riwaya ya mzee mwingine wa huko, Aniceti Kitereza. Kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyekipiga marufuku. Kilikosa tu mchapishaji, hadi alipokitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili kikatoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 maandishi yamelala sandukuni! Tunapopigania vitabu vilivyofungiwa, tuvikumbuke na hivi visivyofika popote. Kuna shule ambazo hazina kitabu cha hadithi hata kimoja cha kufungiwa.

Safu itapumzika hadi nirudi. Mwenye kuijua shule ya msingi kisiwani isiyo na maktaba aniandikie wiki hii, kabla sijaondoka. Nina maboksi ya vitabu vya watoto, na ningependa yapande meli pamoja nami.