Barua kwa mwanangu anayeogopa kuzamia

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ile meseji nimeisoma jana usiku nikaona hii siyo ya kujibu kwa voisi noti, acha niandike. Unasema mkwe wangu keshalipia chumba Mafia, mwezi wa kumi na moja mnataka mkajifunze kuzamia na mitungi, yeye anahesabu siku na wewe roho inadunda, na unauliza mimi nilipoenda kujifunza huko na baba yenu niliwezaje. Jibu langu nenda. Ila nenda ukiwa umetaka mwenyewe, usiende ili mumeo asinune, manake ukishaingia majini kwa kumridhisha mtu utaona aibu kusema umechoka au umeogopa, na huko chini aibu ni kitu kibaya sana.

Hofu yako naijua imetoka wapi. MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, we ulikuwa bado unanyonya, hukumbuki chochote, lakini kila tukipita Igoma pale makaburini walipozikwa wale watu ulikuwa unaniona nanyamaza, na mtoto anasoma uso wa mama yake. Halafu ziwa letu lenyewe hapa Mwanza ukizamisha kichwa ni ukijani tu na matope, mkono wako wenyewe huuoni vizuri, kwa hiyo mtu wa huku ukimwambia kuzamia yeye anawaza giza. Mafia siyo hivyo kabisa. Pale ghuba ya Chole maji yakitulia unaona matumbawe mbali huko, unaona kasa anajilia nyasi zake hana habari na wewe. Na mwezi mliochagua ni mzuri, upepo wa kusi unakuwa umeshaisha, na papa potwe wanakuwa wameanza kuonekana upande wa Kilindoni, yule mkubwa wa madoadoa asiyeuma mtu, mwangalieni kwa mbali msimshike.

Sasa kitu kikubwa kuliko vyote: usibane pumzi. Sisi wa ziwani tangu utoto kuzama maana yake ni kubana pumzi, kwa hiyo mwili utabisha, utaubishia mpaka ukubali. Ukiwa mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya huku juu, ukijaza mapafu pale halafu ukabana ukapanda, ile hewa inataka nafasi mara mbili na mapafu hayana hiyo nafasi, yanachanika. Basi unapumua tu taratibu muda wote, na kupanda ni polepole, karibu na juu mnasimama kwenye mita 5 kama dakika 3 hivi ndo mnamalizia. Masikio nayo, ziba pua upulize kidogo kidogo tangu unaanza kushuka, usisubiri yaume, yakiuma panda kidogo ujaribu tena, na kama una mafua siku hiyo kaa bichi.

Kozi yenyewe huwa siku tatu nne. Mnaanza kwenye maji mafupi, wanataka uogelee mita 200 bila haraka na uelee dakika 10, kwa hiyo kuanzia sasa tafuta bwawa la hoteli ujinoe (ziwani hapana, kichocho kipo). Ukifaulu unaruhusiwa mpaka mita 18. Na ile fomu ya afya andika ukweli, utotoni ulikuwa na pumu, nenda kwa daktari kabla ya safari akupime akuandikie, usije ukaficha eti mumeo keshalipa. Daktari akisema hapana basi ni hapana, mtaogelea juu juu na maski na bado mtaona mengi.

Mimi kilichonitesa ni kuvua maski chini ya maji. Mmepiga magoti kwenye mchanga, unaivua, maji yanaingia puani, macho yanawasha chumvi, huoni kitu ila rangi ya bluu inayocheza, na unatakiwa uivae tena, ubonyeze juu kwenye paji la uso na upulize kwa pua mpaka maji yatoke yote. Nilikuwa nainuka. Mwalimu akawa ananishika mkanda wa begani, haniharakishi, ananionyesha kwa mkono vuta, toa, vuta, toa. Baba yenu yeye alishamaliza, akapiga magoti pembeni akanisubiri, hakunifundisha wala hakunionyesha ishara yoyote, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Mwambie mkwe afanye hivyo hivyo, mwalimu ni mmoja tu.

Ila kuna kitu ni chenu wawili. Kila mzamiaji anabeba mpira wa pili wa kupumulia, mara nyingi wa njano, na huo ni wa mwenzake hewa ikimwishia. Wa kwake ni wako, wa kwako ni wake. Kwa hiyo kabla ya kuingia kagua mtungi wake umefunguliwa na yeye akague wako, na asikutangulie akipiga picha huko. Ishara pia mzishike vizuri, dole gumba juu huku kwetu ni safi, kule chini ni twende juu, na mmoja akionyesha dole mnapanda wote, hakuna kubishana.

Halafu hii ya mwisho ndo imenifanya niandike haraka. Umesema mtazamia Jumamosi asubuhi halafu mchana mpande ndege mpitie Dar mje sendofu ya mdogo wako. Haiwezekani mwanangu. Ukizamia, naitrojeni inaingia mwilini, ukipanda ndege mapema inatengeneza mapovu ndani ya damu na viungo, watu wanapooza. Baada ya kuzamia siku kadhaa ni masaa 18 angalau kabla ya kuruka. Zamieni mwisho Alhamisi, Ijumaa mkae bichi mle pweza, Jumamosi asubuhi mpande ndege. Mwambie mkwe abadilishe tiketi leo leo, kamati inataka kujua mnafika saa ngapi na mimi nimesema ntawapa jibu jioni.

Mama yako.