Wadogo zangu wa meza ya modeli, kabla hamjaandika "iliruka"

Jumamosi nimepita kwenye meza zenu nikakuta modeli tatu za Me 262 HG III, toleo la ndege ya kivita ya jeti ya Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia. Zimepigwa msasa vizuri, puti haionekani, rangi imekaa. Nikainama kusoma kadi. Zote tatu: "ilifikia kasi ya kilomita 1,100 kwa saa." Ilifikia wapi, wadogo zangu? Nilirudi nyumbani chakula hakikushuka, ndiyo maana naandika.

1. HG ni Hochgeschwindigkeit, kasi kubwa, na zilikuwa hatua tatu. HG I ni ile V9, ndege ya majaribio, iliyowekewa kanopi (kioo cha juu ya rubani) fupi na mkia uliolazwa nyuma. Hiyo iliruka, mwanzoni mwa 1945. HG II, ya mabawa ya nyuzi 35, haikuruka. HG III, ya nyuzi 45, yenye injini mbili za jeti za HeS 011 zilizofichwa kwenye mashina ya mabawa, haikujengwa kabisa. Ile 1,100 ni hesabu ya wahandisi mezani. Andikeni "ilikadiriwa". Ni neno moja tu.

2. Najua kosa hili kwa sababu nililifanya kabla yenu, tena vibaya zaidi. HG III yangu ya kwanza ilinichukua miezi minne. Nilinunua modeli ya Me 262 ya kawaida ya kipimo cha 1/48, nikakata mabawa kwa msumeno mdogo, nikayaunganisha upya, nikajaza puti na kusugua hadi vidole vikachubuka. Usiku wa kuamkia maonyesho, saa nane, ndipo nikakumbuka kadi. Mbele yangu kulikuwa na ukurasa mmoja wenye maelezo ya HG I juu na mchoro wa HG III chini. Macho yalikuwa yameshachoka. Nikaandika: "Iliruka mwanzoni mwa 1945."

Asubuhi watu wakajaa. Alikuja mtoto wa shule, bado na sare, akasimama muda mrefu kuliko wote. Akatoa daftari akanakili kadi yangu neno kwa neno, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo kwa bidii. Nilimtazama kwa furaha ambayo hadi leo ikinijia naumia.

Baada yake akaja mzee mmoja, fundi wa ndege aliyestaafu. Akasoma, akavua miwani. "Mwanangu, ndege ikiruka lazima kuna mtu amekaa ndani. Huyu alikuwa nani?" Nikamtaja rubani Fritz Wendel. Jina lilinijia mdomoni kwa kuwa ndiye aliyeirusha V3, ndege nyingine ya majaribio, pale Leipheim, Ujerumani, tarehe 18 Julai 1942, mara ya kwanza Me 262 kuruka kwa injini za jeti peke yake. Mzee hakubisha. Akaomba kuishika, akaigeuza tumbo juu, akauliza tena kwa upole: "Na magurudumu yakikunjwa yanaingia wapi?"

Hapo nikanyamaza. Me 262 hukunja magurudumu makuu kuelekea ndani, kutoka kwenye bawa kuja tumboni. Mimi nilikuwa nimechomeka injini kwenye shina la bawa, na miguu nikaiacha pale pale ilipokuwa. Mguu ulipita katikati ya injini. Miezi minne, na sikuwa nimejiuliza swali hilo hata mara moja.

Nilikimbia getini kumtafuta yule mtoto. Basi la shule lilikuwa limeshaondoka.

3. Mnaposema mabawa ya Me 262 yalilazwa ili ipenye kasi ya sauti, mnarudia hadithi. Zile nyuzi 18.5 zilikuja kwa sababu injini zilitoka nzito kuliko ilivyotarajiwa, wakalaza bawa ili uzito ukae sawa. Kulaza kwa ajili ya kasi ndiko kulikotafutwa kwenye HG.

4. Ajabu si sawa na kutojengwa. Yenye bunduki ya milimita 50 puani, A-1a/U4, iliruka. Yenye roketi ya Walter mkiani iliruka tarehe 27 Februari 1945. Yenye ramjeti za Lorin (injini za jeti zisizo na sehemu inayozunguka) juu ya mabawa ilikuwa mchoro. Mzipange meza mbili tofauti.

5. Ndege iliyoishia kwenye karatasi haijawahi kuzimika injini, ndiyo maana inapendeza hivyo. Jumo 004 halisi, injini ya Me 262, ilitengenezwa kwa uhaba wa nikeli na kromu, ikadumu kati ya saa 10 na 25 hivi kabla ya kufunguliwa na kukarabatiwa. HeS 011 iliahidi msukumo wa kilo 1,300, na vita vikaisha haijafika kwenye ndege za kivita. Mkipenda He 162, jeti nyingine ya Wajerumani, ya mabawa yaliyolazwa au ya pulsejeti (injini za jeti za mapigo) za Argus, sawa, itengenezeni, nami nitawaazima michoro. Lakini kumbukeni ile iliyojengwa: iliruka tarehe 6 Desemba 1944, na siku nne baadaye bawa likaachia kwa sababu ya gundi mbovu, rubani Gotthold Peter akafa. Mchoro hauonyeshi gundi.

6. Kuna mmoja wenu ameandika "maajabu ya wahandisi" akaishia hapo. Mwanangu, viwiliwili vya Me 262 viliundwa na wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Gusen, Austria, ndani ya mahandaki, na wengi walikufa humo. Mistari miwili kwenye kadi inatosha, ila iwepo. Kwenye kadi ya HG III pia, maana kama ingejengwa, ingejengwa na mikono hiyo hiyo.

7. Msasa wa mwisho uwe wa maji.

Kadi zenu nizione Ijumaa, zikiwa bado kwa penseli. Na kila modeli nitaigeuza tumbo juu.